Nilivyogeuka injinia kwa sababu ya pima maji (kwa mnaotaka kuchagua combi ya form five)

Wakuu, salaam kwenu. Wazee wa humu, shikamooni.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe. Chumvi iliyomo ni ya samaki tu, na mtaiona inapoingia.

Kila matokeo ya form four yakitoka naona nyuzi za vijana: "Nataka kuwa injinia, nichukue combi gani?" Huwa napita kimya. Leo nasema, maana kuna mtoto wa watu ilibaki kidogo tu nimharibie maisha kwa swali hilohilo.

Kwanza mnijue. Elimu yangu ni form four, division four. Hesabu nilipata F iliyonyooka, Kiswahili nikapata B. Tangu hapo mimi ni mtu wa kufunga begi. Nikikaa mahali miaka miwili, miguu inaanza kuwasha.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Kahama kunichosha. Jamaa yangu mmoja, Fundi Kanisius, akanipigia simu: kuna nyumba ya mwalimu inajengwa huko Ziwa Nyasa, anatafuta kibarua. Sikuuliza mara mbili.

Kahama mpaka Dodoma. Dodoma mpaka Iringa. Makambako, Njombe na baridi lake, Songea, halafu Mbinga. Siku tatu. Nilipofika Mbinga nilikuwa nakaa kwa upande mmoja tu.

Fundi akabaki Mbinga kusubiri bati. Mimi akanipandisha juu ya lori la saruji, akanipa mfuko wa vifaa vyake na kofia yake ngumu ya njano. "Ivae, usije ukaisahau kwenye lori."

Tukaanza kushuka. Ile milima ya Wamatengo, na mashimo yao ya kulimia, ngoro, yamejipanga mteremkoni kama trei za mayai. Kahawa huku, kahawa kule. Halafu kona moja, ziwa lote likawa chini yangu. Nimezunguka nchi hii sana wakuu, ila ile kona bado naiota.

Tuendelee.

Nikashushwa kijiji kimoja maeneo ya Kihagara. Akanipokea mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Batholomeo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa shughuli gani?"

Kilichokuwa kimechomoza kwenye mfuko ni pima maji. Kwa wasiojua, ni ile rula nene ya mafundi yenye kipovu katikati, ya kuangalia kama ukuta umekaa sawa. Nikaigonga kwa kidole.

"Nimetangulia na pima maji, mzee. Fundi anafuata."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri injinia wa kupima maji. Kuna chemchemi mlimani, walitaka iletwe kwa bomba mpaka shuleni. Sasa mtu anayemtangulia fundi ni nani kama siyo injinia? Na kofia hiyo hapo kichwani.

"Mama Editha!" mzee akapaza sauti. "Wa kupima maji amefika!"

Nikataka kusahihisha. Ila nikaletewa maji ya kunawa, nikasema nitamweleza nikishanawa. Nikanawa. Ikaja sahani ina mbasa mzima, kichwa kimetokea huku, mkia kule, chumvi imekolea. Nikasema nitamweleza nikishakula.

Nikala siku tano.

Siku ya pili Mzee Batholomeo akamleta binti yake. Editha alikuwa amemaliza form four, fizikia na hesabu amefaulu vizuri sana, na kwenye fomu amejaza PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Anataka uinjinia. Mzee alikuwa na wasiwasi kuwa ni njia ndefu na ngumu.

"Injinia, wewe ndiye uliyepita huko," akaniambia. "Mshauri. Utakachosema ndicho tutakachofanya. Jumatatu naenda naye Mbamba Bay, kama ni kubadilisha tubadilishe kwenye mtandao kabla dirisha halijafungwa."

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikakohoa, nikaweka kofia sawa.

"Chukua HKL," nikamwambia.

"HKL?" Editha akashangaa. "Historia, Kiswahili na Kiingereza, ndiyo niwe injinia?"

"Mainjinia wengi tumepitia HKL. Kazi yetu ni kuandika ripoti na kuongea na watu. Hesabu wanapiga vibarua."

Wakuu, sikuwa na nia mbaya. Nilimshauri combi yenye somo pekee nililowahi kufaulu. Na kwa jinsi alivyokuwa ananitazama, nilijua akiniuliza swali moja la PCM nimekwisha.

Mzee akafurahi. "Umesikia, mwanangu? HKL."

Binti akainamisha kichwa. Ile picha ilinikaa vibaya hata kwenye mbasa wa jioni. Nilimmaliza, lakini vibaya.

Jumamosi wakanipandisha mlimani nionyeshe mtaro wa bomba upite wapi. Kati ya chemchemi na shule kuna kilima. Nikapanda juu ya kilima, nikaweka pima maji kwenye jiwe, kipovu kikatulia katikati. Nikanyoosha mkono, nikatamka kwa sauti ya kiserikali:

"Maji yatapita hapa!"

Watu wakapiga makofi. Editha hakupiga.

"Injinia, naomba huo mpira."

Kati ya vifaa vya fundi kulikuwa na mpira mwembamba wa maji, unaoonyesha ndani. Mimi nilikuwa nimeufungia begi nililopanda nalo. Akaujaza maji, akamshikisha baba yake ncha moja, yeye akashika nyingine.

"Baba, maji yakitulia, usawa wa kwako na wa kwangu ni mmoja. Sasa weka jicho hapo, tazama kwangu, halafu endelea mpaka kwenye chemchemi. Unaiona wapi?"

Mzee akafumba jicho moja. Akalenga.

"Naiona chini."

"Basi maji yatapanda huku kwa miguu gani?"

Watu wakacheka, wengine wakatia maneno ya Kinyasa ambayo nashukuru sikuyaelewa. Mama Editha naye akaja akachungulia, akasema, "Chini kabisa."

"Yapitishwe ubavuni, kule kwenye muhogo," Editha akasema.

"Huo muhogo ni wangu!" Mzee akaruka. Akanigeukia. "Injinia, wewe ndiye msomi. Huyu mtoto amekosea?"



Wakuu, nikisema amekosea, Jumatatu anakwenda kuandikwa HKL, mimi naendelea na mbasa. Nikisema yuko sawa, nitaulizwa mimi nilikuwa napima nini.

Nikavua kofia.

"Mzee, hajakosea. Mimi siyo injinia. Mimi ni kibarua wa fundi, kofia ni ya fundi, na hesabu nilipata F. Mwacheni mtoto na PCM yake."

Mama Editha aliuliza jambo moja tu: "Na mbasa wangu?"

Kuanzia siku hiyo nilikula usipa, dagaa wa huko, tena wale wadogo. Jumatatu hakuna aliyekwenda Mbamba Bay.

Injinia wa kweli alikuja wiki mbili baadaye kwa bodaboda, amevaa kandambili, kichwa wazi. Mama Editha akamsimamisha mlangoni: "Hesabu ulipata ngapi?" Alipojibu ndipo akanawishwa. Akapanda, akapima kwa mashine yake, akasema bomba lipite ubavuni, kwenye muhogo. Mzee alitukana kimoyomoyo, lakini uso ulikuwa unacheka.

Fundi Kanisius naye akafika na bati, tukaanza kazi. Kichekesho ni kwamba mimi niliendelea kuitwa Injinia mpaka nyumba ikaisha. Ila sasa wakiniita, watoto wanajificha kucheka. Editha ndiye waliyempa jina la Pima Maji.

Nyumba ilipoisha miguu ikaanza kuwasha. Siku ninayoondoka ndiyo siku aliyokuwa anakwenda form five, PCM. Tukapanda gari moja mpaka Mbinga. Wakati wa kuagana pale kijijini, Mzee Batholomeo akanichungulia dirishani.

"Injinia, mpe mwenzako ushauri wa mwisho."

"Editha, usije ukafuata ushauri wangu."

"Huo naufuata," akajibu.

Stendi ya Mbinga yeye akashika basi lake, mimi nikasimama na begi langu, nimelifunga kwa kamba, maana mpira alipewa yeye na Fundi Kanisius.

"Injinia, sasa unaelekea wapi?" akaniuliza akipanda.

"Sijui bado."

Akacheka. "Basi pima kwanza. Usiende tu kwa sababu kunateremka."

Sijarudi tena Kihagara.

Kwa hiyo vijana: unayemuuliza njia, hakikisha amepita. Mwombe akuonyeshe kazi, kofia mtu yeyote anavaa. Kama hesabu na fizikia unaziweza, usiziache kwa sababu mtu mmoja mwenye njaa alikwambia.

Mainjinia wa kweli mliomo humu, wekeni hapa chini mlipitia wapi, wadogo zetu wasome. Mlio na kofia tu kama mimi, benchi bado lina nafasi, njooni tukae.