Kikombe cha Asubuhi

Sisimizi waligundua ugonjwa wa bibi kabla yetu. Kila alfajiri walijaa pale alipokojoa, na mimi ndiye niliyewaona kwanza. Lakini Sista wa hospitali ya misheni alimchagua binamu yangu, aliyenizidi mwaka mmoja tu, akamfundisha kuchemsha sindano ya kioo na kumchoma bibi.

Nyumba yetu ya Mlandege ikanuka spiriti.

“Mkono wako mwepesi, mama,” bibi alimwambia. “Huyu mwenzio angenichoma kama anapigilia msumari.”

Wakacheka wote wawili.

Sista alikataza sukari. Kwetu sukari ilikuwa ile ya dukani, basi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpelekea bibi kikombe cha ulanzi mbichi, mtamu, uliogemwa muda uleule kwenye mianzi yetu, ili anisifu na mimi. Alinisifu.

Siku moja Sista alipima mkojo, ukageuka rangi ya tofali, dalili ya sukari nyingi.

“Amekunywa kitu chochote kitamu?”

Nilimtazama bibi. Bibi akatazama mlango. Sista akaona kosa ni la mchomaji, akamnyang’anya binamu yangu sindano, akampa mama yangu.

Kesho yake bibi aliulizia kikombe chake, nikampelekea. Hakuzimaliza mvua za mwaka ule; tukamzika.

Leo, nami nikiwa mtu mzima mwenye ugonjwa uleule wa bibi, muuguzi amenipaka spiriti kidoleni, akamwomba binamu yangu, aliyenisindikiza, ajifunze kunichoma nyumbani. Binamu ameficha mikono ndani ya khanga, akamwambia muuguzi:

“Mimi hapana, mwanangu. Mkono wangu mzito.”

Muuguzi ananitazama mimi, anangoja niseme neno.