Posa Iliyopelekwa kwa Mwajiri

Siku ya kwanza kazini nilipanda milima kutoka kijijini kwetu Mnazi, kule tambarare kwenye joto, na kanga moja begani, na baridi ya Lushoto ikanipokea bila huruma. Mwajiri wangu alikuwa afisa misitu. Sote tulimwita Bwana Misitu. Mkewe, Mama Misitu, alinipa chai mkononi na kichanga mgongoni kwa mpigo mmoja. Akaniambia, "Hapa wewe si mfanyakazi. Ni mtoto wetu." Nikafurahi, jamani! Nilikuwa mjinga.

Sisi tuliitwa wa kulala, yaani wafanyakazi wa ndani wanaoishi humo humo kwa mwajiri. Wa kwenda na kurudi, jioni hufunga mlango akaondoka. Wa kulala hana jioni. Nilijua kumcheulisha mtoto akishanyonya, unamweka begani na kumpapasa mgongo mpaka atoe hewa. Nilijua kumkanda viungo kwa mafuta ya nazi. Lakini nilipouliza mshahara, Mama alicheka. "Mtoto humdai mama yake?" Na siku ya kupumzika je? "Upumzike wapi tena, na kwenu ni hapa?" Alisema kwa upole, ndiyo maana nilishindwa hata kukasirika.

Basi Shabani, kijana wa bustani ya kabichi ng'ambo ya kijito, akanipenda, nami nikampenda. Wajomba zake wakaulizia kwetu ni wapi. Sokoni wakaambiwa mimi ni binti wa Bwana Misitu, maana ndivyo Mama alivyonitangaza. Wakaja washenga wawili na makoti yao ya Idi, wakaketi sebuleni, wakaposa.

Bwana Misitu aliwasikiliza, akakohoa. "Binti yetu bado. Subirini huyu mdogo aanze shule."

Mdogo mwenyewe hata kukaa alikuwa hajaweza! Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Nikaingia, nikaweka sinia, nikapiga goti.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti."

"Baba yangu yuko Mnazi, mzima wa afya. Posa yangu inapokelewa huko. Hapa niko kazini."

Mama akafoka, "Unatuaibisha mbele ya wageni!" Bwana akawageukia washenga, akawaambia, "Anasema kweli. Mimi ni mwajiri wake tu." Kwa hesabu yangu, siku hiyo ndiyo niliyoajiriwa. Shabani alinioa huko kwetu, nami nikarudi kwa Bwana Misitu kama wa kwenda na kurudi, kwa mshahara, na Ijumaa yangu ya mapumziko. Baadaye nilipohamia kwa Mama Daktari, nilizungumza kabla sijashika ufagio: mshahara, mapumziko, matibabu nikiugua.

"Haya umeyasomea wapi?" akaniuliza.

"Sebuleni kwa watu, mama."

Akacheka, tukapatana, nikakaa naye mpaka nilipostaafu.

Siku hizi magoti yamegoma. Juzi kwenye mkutano wa kata ukazuka mjadala wa mikataba ya wasichana wa kulala. Mama mmoja akasema eti karatasi zitaua upendo. Nikasimama na fimbo yangu: "Upendo gani huo unaoogopa karatasi?" Watu wakapiga makofi, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nyumbani yuko Zaina, msichana wa kulala ambaye wanangu wamemwajiri anitunze. Ana mkataba, ana chumba chenye komeo kwa ndani. Jioni hiyo hiyo akaniambia, "Bibi, kesho ni siku yangu. Nakwenda Mombo kumwona mama."

Mvua ilikuwa inanyesha, magoti yananiuma, na huyu binti nampenda, nampenda kweli. Maneno yakanijaa mdomoni: mjukuu wangu, utaniacha na nani? Hata kinywa nikakifungua.

"Nenda," nikasema. "Nisalimie mama yako."

Asubuhi akaondoka anaimba. Ndipo nilipotambua kwamba hakuwa ameniomba ruhusa. Alinipa taarifa tu, kama mfanyakazi yeyote anayejua siku yake. Nikacheka peke yangu pale kibarazani mpaka machozi yakanitoka.