Picha ya Saskatchewan

Jana mwenye nyumba wetu hapa Hopkins, pembeni ya Minneapolis, alimwaga mbegu za nyasi uani akazifunika kwa mabua makavu ya ngano. Nilipofungua dirisha, harufu yake ilinirudisha utotoni, kwenye malisho ya ng'ombe wetu kule nyumbani.

Siku moja mtaalamu wa kilimo alikuja kupima ardhi yetu, akitokea Saskatchewan, kule Kanada. Alikaa nje ya nyumba yetu, akampa bibi picha ya kwao: tambarare tupu, ngano ya manjano mpaka mbingu inapoanzia. Bibi aliishika kwenye kingo, vidole vyake vikinuka samli.

"Muulize, kwao hawana wanyama?" akamwambia baba, aliyekuwa mkalimani.

Mgeni akajibu kwa furaha kwamba zamani walikuwepo nyati wenye manyoya marefu, wengi hata ardhi ilitetemeka wakikimbia. Waliuawa wakaisha, ndipo ngano ikapandwa.

"Na watu walioishi na hao nyati?"

Baba akamgeukia. "Mama, hilo tuliache."

"Muulize."

Baba akauliza kwa sauti ya chini. Mgeni alitazama chini, akasema walihamishwa.

Bibi akamrudishia picha kwa mikono miwili, kwa adabu, akaingia ndani.

Msimu wa mvua uliofuata, matrekta yalisawazisha malisho yote, pamoja na kaburi la babu lililokuwa humo. Bibi hakuacha kwenda kumsalimia. Alinishika mkono tukaingia kwenye ngano iliyonifika kifuani, akasimama, akasogea kidogo, akasimama tena, akijaribu kukisia alipolala mumewe.