Siku Nilipomwita Deusi "Brilliant"

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe hadi leo nikikumbuka nafunika uso. Siku hiyo tulitoka Songambele kwenda Nyakakika kumposea binamu yangu Deusi, mshenga ni mimi, na Deusi alikuwa hajalala siku mbili kwa sababu baba yake Anitha, binti mwenyewe, alishamkataa mposaji mmoja kabla yetu. Kazi yangu ilikuwa ndogo, nimsifu kijana, tupewe jibu, tule ndizi, turudi. Lakini mimi (na shati la kuazima) nikaona Kiswahili hakitoshi nyumba yenye kabati la vitabu, nikasema, "Mzee, huyu kijana wetu ni brilliant." Neno nililisikia redioni, likanipendeza.

Mzee akavua miwani. Kumbe alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hakuna aliyeniambia (Deusi alijua!). Akasema kwa upole, "Neno zuri, mwanangu. Hebu tueleze maana zake, na linatumika wapi."

Hapo hapo kikapu cha akamwani kikanifikia, ile kahawa ya kutafuna ambayo mgeni huchukua punje mbili tatu akampitishia mwenzake, na mimi kwa kutafuta pa kujificha nikachota konzi nzima nikatia mdomoni, nikidhani anayetafuna haulizwi. Wakanisubiri. Mate yakakauka, nikapaliwa, nikakohoa, kahawa ikaruka mpaka kwenye gauni la shangazi yake Anitha.

"Mawe!" akasema shangazi, ndiyo "mama wee" ya kwetu, akijikung'uta.

Mzee akajijibu mwenyewe, taratibu kama yuko darasani: mwanga mkali huitwa hivyo, almasi inayometa pia, na mtu mwenye akili nyingi kupita wenzake, na jambo lililofana sana. "Sasa Deusi yuko wapi hapo?"

Nikamtazama Deusi, jasho linamtoka, nikajua nimemharibia. Nikasema, "Hayumo, mzee. Darasa la saba alifeli. Ila mama yake alipopooza, ni yeye aliyekuwa anambeba mgongoni kila asubuhi akaote jua, na shamba lao la kahawa halikuota magugu."

Mzee akavaa miwani. "Ungeanza na hilo, saa hizi tungekuwa tumeshakula."

Sasa Deusi na Anitha wana watoto wawili. Kila nikifika kule shangazi ananihesabia punje, mbili tu, huku ameshikilia gauni lake. Nami niliapa, mtu nitamsifu kwa yale niliyomwona akifanya, na mdomo ukiwa mtupu.