Mtu wa Kusugua Mawe

Wageni walipokuwa wakipita, Mswaki alikuwa anajibana. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya meneja: pango ni la asili, na mgeni aliyekata tiketi hataki kukutana huko na mwanamume mzima kashika ndoo. Kwa hiyo kila kundi liliposhuka ngazi, Mswaki alizima tochi yake, akaingia kwenye ufa nyuma ya jiwe kubwa, akakaa humo kakunja magoti mpaka vicheko viishe. Siku moja akapiga chafya. Bibi wa watu akapiga yowe, akapanda ngazi mbio kuliko alivyoshuka, na mpaka leo kuna wanaoapa kwamba pango lile lina jini. Jini gani, jamani! Lilikuwa jini lenye mafua, mke na mjukuu.

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini mji mzima ulishalisahau. Aliitwa Mswaki kwa sababu kazi yake ilikuwa kusugua mawe. Msicheke, nitawaeleza. Pango lile zamani lilikuwa giza tupu, na gizani hakuoti jani. Uongozi ukaweka taa kali za rangi ili wageni wapige picha zao. Sasa penye mwanga na unyevu kitu gani hakioti? Mawe yaliyokuwa meupe yakaota utando wa kijani, unateleza kama bamia. Mgeni naye hataki jiwe la kijani. Akatafutwa mtu wa kusugua, na anayoyasugua leo, taa zile zile zinayaotesha tena kesho. Ndiyo kuteka maji kwa pakacha huko, wala hakuna pengine.

Alfajiri mlinzi alimfungulia mlango wa chuma, kisha akaufunga nyuma yake kwa kufuli la nje, maana meneja aliwaogopa watu wa kuingia bila tiketi. Saa za wageni mlango ulikuwa wazi, ila yeye hakuruhusiwa kuonekana anapanda. Akitaka kutoka mapema sharti agonge kabla hawajafika, na mlinzi alikuwa mzito wa masikio, hasa wakati wa chai. Basi jua lilichomoza Mswaki yuko chini, likazama bado anasuuza brashi. Kifua kilianza kumbana, akawa anakohoa kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi wala dawa ya dukani.

Kilichomfanya avumilie kilikuwa mwisho wa pango. Huko kulikuwa na bwawa la maji baridi, na ndani yake uduvi. Si uduvi mnaowajua ninyi wa kwenye kikapu sokoni. Hawa walikuwa weupe kama kioo hadi unaona ndani ya miili yao, hawana macho kabisa, wanapapasa njia kwa masharubu marefu. Mtaalamu wa maji, mama mmoja mpole aliyefika kila msimu na chupa zake, ndiye aliyemfundisha kuwatazama bila kuwamulika sana.

"Hawa, kaka, hawako kwingine kokote," alimwambia. "Wanazaa kidogo, wanakua taratibu mno. Wakifa hapa hakuna wa kuja kuchukua nafasi yao."

Mtaalamu huyo alikuwa amemwomba meneja mara nyingi apunguze taa. Meneja akamjibu, "Mama, nani atakata tiketi kuja kuangalia giza?" Aliposhindwa huko, mtaalamu akamwonyesha Mswaki namna ya kuosha bila kuua: brashi laini, maji ya bwawa lenyewe, kitambaa kimetandikwa chini ya jiwe kunasa uchafu, unaanzia chini kwenda juu, na uchafu wote unapandishwa nje kwa ndoo. Sabuni hapana. Dawa yoyote hapana. Ni kazi ya mtu mwenye subira ya kuchambua mchele usiokwisha, na Mswaki subira alikuwa nayo. Kumbe subira nayo ina gereza lake.

Nyumbani mkewe alikuwa na ulimi, si haba. "Mimi nimeolewa na popo," aliwaambia majirani, nao wakacheka, naye akacheka nao. Lakini wakishaondoka alirudi kuitazama njia ya pangoni. Walikuwa wanamlea mjukuu wao wa kike, mtoto wa binti yao aliyefanya kazi mbali. Kitoto kile kilikuwa hakina ubaguzi. Kilimchekea kila mtu, hata muuza mkaa na uso wake wote mweusi. Ila babu akikibeba, kinaangua kilio. Babu huyo kilimwona akiingia na giza na kutoka na giza, ananuka tope. Mswaki alijifanya anacheka. Moyoni iliuma, iliuma sana.

Ndipo mkata tiketi wa getini alipostaafu. Meneja, ambaye si mtu mbaya ukimtoa kwenye habari za wageni wake, akamwita Mswaki akamwambia, "Mzee, panda juu upate jua. Ila niletee mtu wa kushika brashi."

Mkewe aliposikia alipiga kigelegele peke yake jikoni. Na mtu alikuwepo: mdogo wake mwenyewe, shemeji yake Mswaki, dobi hodari aliyepoteza kazi yake hotelini baada ya hoteli kuleta mashine za kufulia. Kazi na mtu vimekutana, nani angekataa?

Mswaki akamfundisha shemeji yake kila kitu. Alimwonyesha uduvi, akamweleza habari za dawa na sabuni, na shemeji alisikiliza kwa adabu. Alichokuwa hakipendi ni mwendo.

"Shemeji, jiwe moja siku nzima? Mimi kwa siku hiyo hiyo nafua mashuka ya hoteli na mapazia yake."

"Ndivyo ilivyo, shemeji. Polepole."

"Haya. Nenda kaote jua, niachie mimi."

Jamani, zile siku za getini! Mswaki aliketi kwenye kiti cha plastiki, jua linamchoma utosi, na hakutaka hata kusogea kivulini. Mkewe alimletea chai saa nne, akakaa naye hapo akimsengenya kila mgeni aliyevaa kofia mbaya. Mjukuu kwanza alimchungulia babu akiwa nyuma ya kanga ya bibi yake, halafu akamshika kidole, halafu siku moja akapanda mapajani akaanza kuchana tiketi. Mswaki alimwacha achane. Kikohozi kikapungua. Usiku mkewe alimwambia, "Nilikuwa nimesahau kwamba una meno mazuri," na mzee mzima akaona haya kama bwana harusi.

Kisha wageni wakaanza kupanda kutoka chini wakisifu. Mawe yanang'aa! Hayajapata kung'aa hivi! Mmoja akaongeza, "Na pananukia usafi, kama hospitali."

Mswaki alimweka mtoto chini. Akamwomba mlinzi amshikie geti, akashuka ngazi kwa haraka ambayo kifua chake hakikuipenda. Harufu ilimpokea katikati ya njia: dawa ya madoa, ile kali ya kung'arishia mashuka, inakwaruza koo. Alifika bwawani, akapiga magoti, akamulika. Uduvi walikuwa wamelala ubavu kwenye tope, wamegeuka rangi ya maziwa, masharubu yametulia. Alitia mkono akamtoa mmoja, hata uzito hakuwa nao. Ukingoni kabisa, pale maji mapya yanapoingia kutoka ndani ya mwamba, ndipo wachache walipokuwa bado wanapapasa.

Shemeji yake alitokea nyuma na ndoo, uso umejaa fahari. "Umeonaje, shemeji? Si nilikwambia?"

"Umetia nini hapa?"

"Dawa kidogo tu. Lakini usiogope, nimesuuza. Kila jiwe nimelisuuza mpaka maji yakatoka safi. Nepi za watoto wachanga nilizitia dawa hiyo hiyo, nikazisuuza vizuri, na hakuna mtoto aliyedhurika."

"Na maji ya kusuuzia yameenda wapi?"

Dobi akaangalia jiwe, akaangalia mteremko, akaangalia bwawa. Maisha yake yote maji ya kusuuzia yalikuwa yanakwenda tu, mferejini, kwingine, kwa watu wengine. Humu ndani kwingine hakupo. Ndoo ikamtoka mkononi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nimesuuza sana."

Mngekuwa ninyi mngemgombeza? Mswaki alishindwa. Uvivu ungepatiwa tusi, lakini huyu alikuwa amewaua kwa bidii.

Kwa meneja mambo yalikuwa mengine kabisa. Alikuwa ameshaagiza madumu ya dawa, na wageni wa shule walikuwa njiani. Mswaki akampigia simu mtaalamu wa maji palepale, akampa meneja aongee naye. Walibishana mpaka meneja akachoka, akamrudishia Mswaki simu. Mtaalamu alikuwa analia. Alisema atalalamika kwa wakubwa, lakini mambo ya wakubwa yanakwenda kwa mwendo wao. "Na mpaka wafike, kaka..." akaanza, akaishia hapo, maana aliona aibu kumwomba arudi chini.

Meneja akakuna kichwa. "Sikiliza mzee. Mimi nataka mawe meupe, basi. Ukiweza kuyaweka hivyo kwa brashi yako, rudi chini, madumu nayarudisha na shemeji yako namweka getini. Kama huwezi, kaa kwenye kiti chako tusiongee tena habari za uduvi."

"Hakuna mwingine wa kumfundisha?"

"Umemfundisha mmoja. Umeona."

Mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwemo. Yeye hakuweka taa, hakununua dawa, na bado kila mlango aliousukuma ulirudi ukamgonga usoni. Akaenda nyumbani mapema, mchana mweupe, akamkuta mkewe anaanika nguo.

Alimweleza yote. Mkewe hakupiga kelele, na hapo ndipo Mswaki alipoogopa. Alimaliza kuanika gauni la mtoto, akalinyoosha mikunjo.

"Baba watoto, wale hawana macho," alisema. "Hawajui upo. Ukae humo mpaka ufe, hakuna hata mmoja atakayekuona. Mimi macho ninayo, na nimekaa miaka nikikutafuta kwa hayo macho."

"Najua, mke wangu."

"Unajua, halafu?"

"Nikikaa getini, nitakuwa nawakatia watu tiketi waende kuangalia kaburi. Nitaweza vipi?"

"Na kifua chako je? Na mtoto? Na mimi?"

Mkewe alisubiri kwa muda mrefu kuliko alivyostahili kusubirishwa, kisha akachukua beseni tupu, akaingia ndani.

Alfajiri alimchemshia chai, akaiweka mezani. Mswaki aliinywa kasimama. Mtoto alikuwa amelala, naye hakuthubutu kumgusa asije akamwamsha. Njiani alikutana na shemeji yake anaelekea getini, kavaa shati safi lililopigwa pasi, na shemeji alishindwa kumtazama. Mswaki alimshika bega, akapita.

Mlinzi akafungua mlango wa chuma. "Umerudi, Mswaki? Mimi nilidhani umetoka."

"Na mimi nilidhani."

Mlango ukafungwa, kufuli likalia. Alishuka taratibu, mkono ukutani, mpaka chini bwawani. Alitandika kitambaa chini ya jiwe la kwanza, akachota maji upande ule ambako wachache walikuwa bado hai, akaangalia kwanza ndani ya kopo asije akamchota hata mmoja. Kisha akakaa chini penye unyevu, akalia kwa sauti, kama mtoto. Alipomaliza alijifuta uso, akaanza kusugua.