Chishimba Alipopointer Mlango

Saa tano kamili asubuhi, Jumamosi, mlango wa chuma wa karakana yetu huko Katuba ulikataa kufunguka.

Ndani tulikuwa mafundi vijana thelathini na mmoja. Nje, mmoja tu: Chishimba.

Tulikuwa tumetoka kupiga kura. Chama chetu cha wachomeleaji kilipewa kiti kimoja katika baraza la vijana la komini, yaani manispaa yetu, baraza linalosema nani afanye kazi kando ya barabara na nani afukuzwe. Mwaka jana tulifukuzwa mara mbili.

Nilichaguliwa mimi, Huguette. Karatasi yenye jina la mjumbe ilitakiwa komini kabla ya saa sita. Ikichelewa, kiti wanapewa wengine.

Nikasukuma tena. Wapi.

Lucien, rais wa chama, aliinama kwenye upenyo wa chini, akamuuliza Chishimba amefanya nini.

"Mukubwa, si ulisema nipointer mulango? Minapointer. Points ine."

Lucien akakaa sakafuni.

Lucien alichomwambia ni apointer mlangoni, yaani aweke alama mbele ya jina la kila anayeingia. Lakini kwa mchomeleaji, kupointer ni kushikisha chuma kwa chuma kwa nukta za moto. Na mlango ulikuwa mpya, umetundikwa jana yake, hivyo agizo halikumshangaza. Mlio wa kuchomelea tuliusikia wote. Katika karakana, nani anashtuka?

Nikamwambia akate. Yeye huniita yaya, dada mkubwa.

"Courant inaenda, yaya. Iko scie ya mukono tu."

Bila umeme, kwa msumeno wa mkono, ni dakika ishirini kwa kila nukta. Nukta nne. Dirisha hakuna, matundu ya hewa tu. "Kazi ya Chishimba haivunjikake, tutazikwa humu," akasema Angélique, fundi mwenzetu. Wachache walicheka. Bati la paa lilikuwa limeanza kuchoma.

Nikapitisha karatasi chini ya mlango. Chishimba akapanda pikipiki kuipeleka.

Saa sita na robo karatasi ilirudi kwa njia ileile, ina muhuri. Jina langu limepigwa mstari. Juu yake: Chishimba.

"Karani anasema delegate asimame mbele yake, kama hapana, kiti kinaenda. Minasimama mi. Ungefanya je, yaya?"

Nikamwambia aanze kukata.

Baadhi yetu wanasema alipanga tangu mwanzo. Ushahidi sina. Somo nililoandika kwenye daftari la chama ni moja: agizo la kazi lisiwe na neno lenye maana mbili.

Nukta ya nne ilikatika saa saba na dakika thelathini na tano. Tukatoka.

Jumatatu, saa tatu, komini waliita mjumbe wa wachomeleaji. Chishimba akasimama.