Doa Kubwa la Mwalimu Mashimba

Katika walimu wote waliotoka chuo cha ualimu cha Butimba miaka ile ya soko huria, hakuna aliyejua kujisifu kama Mashimba, na sisi tulioishia darasa la nne tunaijua kazi hiyo. Alinunua darubini ya mtumba dukani kwa Alnoor, akajifundisha kuangusha picha ya jua kwenye karatasi, maana ukilichungulia lenyewe unapofuka.

Jumapili moja alikuwa Busisi kwa Mzee Ndalahwa, kumposa Rebeka. Mzee alishasema binti yake haolewi na mpiga domo. Sasa Mashimba angenyamaza? Alisimama uani, darubini juu, Rebeka akamshikia karatasi.

“Baba, unaona hilo doa kubwa? Hapo sumaku ya jua imezuia joto lisipande, ndiyo maana pamekuwa peusi. Ziwa letu lote lingetumbukia humo.”

“Na hivi vidoa viwili vya pembeni?”

“Uchafu wa kioo tu, baba.”

Mzee akaita majirani. Mkono wa Mashimba ukachoka, akaizungusha darubini mkononi, bado imeelekea jua. Doa kubwa likazunguka pamoja na mkono wake. Vidoa viwili vikabaki palepale.

Kinachozunguka na darubini kimo ndani ya darubini, si kwenye jua. Kumbe ni mdudu wa ziwani, wale wanaopaa kutoka majini kama moshi. Mmoja alipenya kwenye darubini akafia humo.

“Linatembea,” Mzee alisema kwa heshima. “Jamani, huyu ndiye mkwe wangu.”

Mkwe! Neno alilolifuata lilishatoka, kilichobaki ni kufunga mdomo tu. Akamtazama Rebeka. Rebeka alitazama karatasi, akatazama mkono ulioshika darubini, akamtazama yeye. Ameona.

“Baba,” Mashimba akasema, sauti ya mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi, “hilo kubwa ni mdudu. Vya jua ni hivyo viwili vidogo. Sumaku iko hapo.”

Jirani Getruda alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Mzee hakucheka.

“Ulisema ni uchafu.”

“Nilisema.”

“Na mimi nimekuita mkwe mbele ya watu. Neno hilo silirudishi. Ila mama yake Rebeka naye alishaambiwa habari za doa. Nenda ukamweleze mwenyewe.”

Mama mkwe, ambaye kwa mila hata kutazamana naye usoni ni mwiko! Mashimba alisimama nje ya mlango wa jiko, kageukia ukuta, masikio yanawaka, akaeleza yote kwa sauti ya chini.

“Nimesikia, baba,” mama akajibu kutoka ndani. “Na hao majirani, bado wapo?”

“Wapo, mama.”

“Basi sema kwa nguvu kidogo. Hawakusikia vizuri.”